Kadi ya Picha ya Bibi Nyamizi

Nchi hii si yenu. Naanza na hilo ili asitokee mtu wa kunipigia simu na kuniuliza nilikuwa namsema nani. Ni nchi nyingine kabisa, ina bendera yake na wimbo wake, na mashimo ya barabara zake hayafanani hata kidogo na ya kwenu. Mimi, Fidelis Mkombo, nilikuwa mtumishi wa umma huko. Cheo changu kamili kilikuwa Karani Msaidizi Mwandamizi wa Uharakishaji, Kata ya Nne, na nilikitumikia kwa moyo wote. Katika cheo hicho nilimvunja moyo mama mmoja mara mbili, ya kwanza kwa kufuata utaratibu na ya pili kwa kumhurumia.

Mambo yalianza Mheshimiwa Waziri wa Habari aliporudi safari. Kila akirudi safari tulikuwa tunapata kitu. Mara ya kwanza alirudi na wazo la kuhesabu miti yote ya nchi, mara ya pili akarudi na wazo la kuacha. Mara hii alitangaza kwamba huko alikotoka watu wanaangalia televisheni kwenye kompyuta, na kwamba ni aibu kwa taifa linalojiheshimu kuendelea kuangalia televisheni kwenye televisheni.

Wiki ileile malori yalipita mtaa kwa mtaa kukusanya televisheni zote za chogo, zile nene za kizamani. Kila nyumba iliyotoa chogo ilipewa kompyuta moja, kipanya kimoja, na picha ya Mheshimiwa akiipa kompyuta mkono.

Bibi Nyamizi, mjane wa mtaa wetu, aliitoa ya kwake na kitambaa chake cha kufuma juu, maana wale wa lorini hawakuwa na muda wa kufunua. Ilikuwa televisheni ya zamani, ina kitufe kilichovunjika ambacho alikuwa anakizungusha kwa koleo, lakini haikuwahi kumkwamia. Antena yake aliifunga Luhende juu ya bati, mwanawe wa pekee, asubuhi ya siku aliyokwenda jeshini. Lori liliondoka, antena ikabaki juu ya bati peke yake.

*

Kompyuta zikawa zinakwama. Sisemi kwa kulalamika, mimi si mtu wa kulalamika. Nasema tu kwamba msomaji wa habari alikuwa anafunga mdomo kwanza, halafu ndiyo sauti inatoka, na mpira wa miguu ulikuwa unakwenda kama mtu mwenye kwikwi. Goli unalisikia likishangiliwa, ukigeuka unaona mchezaji bado anafunga kamba za viatu.

Wizara ikaita wataalamu wawili. Wakakaa na kompyuta nusu saa, wakaandika ukurasa mmoja: kompyuta hazina kadi ya picha, zipewe kadi ya picha ili kuwe na uharakishaji wa maunzi. Kwa kazi hiyo nzuri walizawadiwa masomo ya miaka sita ng'ambo, wakapanda ndege kesho yake. Ukurasa wao ulipofika bungeni hapakuwa na mtu wa kuuliza.

"Mheshimiwa Spika," alisimama mbunge mmoja maarufu kwa maswali, "hapa tunaambiwa kadi ya picha. Mimi nina swali dogo tu. Picha ya nani?"

Bunge zima likapiga meza. Siku ya kwanza walikubaliana kwamba ni picha ya mwenye kompyuta, kwa kuwa kompyuta haiwezi kumharakishia mtu isiyemfahamu. Siku ya pili walijadili rangi ya nyuma, bluu au nyeupe. Siku ya tatu iliingia hoja ya masikio, na ikapita kwamba yaonekane yote mawili. Hivyo ndivyo tulivyoipata Sheria ya Kadi ya Picha, na chini yake ikaundwa Idara ya Uharakishaji wa Maunzi. Mkurugenzi wetu, Bwana Kihongole, alihamishwa kutoka Misitu, kwani Mheshimiwa Waziri alikuwa amesikia kwamba maunzi ni mbao za kuezekea.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mwananchi analeta barua ya serikali ya mtaa, picha mbili, cheti chake cha kuzaliwa na cha kompyuta. Anarudi baada ya siku ishirini na moja, anapewa kadi ngumu ya plastiki yenye sura yake. Kisha afisa anakwenda nayo nyumbani na kuisukumia ndani ya kompyuta kupitia tundu lolote litakaloipokea. Mimi peke yangu nilisukumia kadi mia tatu na kumi na mbili. Kompyuta nyingine zilizimika palepale, na hizo tuliziandika kuwa zimeharakishwa hadi mwisho.

*

Wakati huohuo nchi yetu ilikuwa vitani. Mheshimiwa hakutaka paitwe vitani, kwa hiyo tulikuwa tunapaita kule. Vijana wetu walipelekwa kule kulinda amani ya watu ambao hawakuwa wameomba, na huko walikuwa hawana simu wala barua. Luhende alikuwa kule mwaka wa pili.

Ndipo likatoka tangazo kwamba Jumamosi, saa nne asubuhi, televisheni ya taifa itarusha Salamu za Askari. Kila askari atapewa sekunde kumi kuwasalimu watu wa kwao. Tangazo lilisisitiza kwamba kipindi kitarushwa mara moja tu, kwa kuwa kurudia ni kuonyesha kwamba mara ya kwanza hatukujiamini.

Jumatano Bibi Nyamizi akaja ofisini kwangu. Mama mfupi, mkavu, kanga mbili zilizofanana, viatu vya plastiki. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi, akafungua fundo la kanga na kuniwekea kitu mezani.

Ilikuwa kadi ya salamu. Vijana hamzijui, lakini wakubwa mnazikumbuka. Enzi za redio mtu alikuwa ananunua kadi dukani, anaandika majina ya anaotaka kuwasalimu, anaipeleka stesheni, na mtangazaji anaisoma nchi nzima ikisikia. Ya kwake ilikuwa imekaa sandukuni miaka isiyopungua ishirini. Kwenye kona ameibandika picha ya Luhende, kwa gundi ya ugali, na ugali wenyewe ulikuwa bado haujakauka.

"Nimeambiwa kadi ya picha, mwanangu," alisema. "Kadi nilikuwa nayo. Picha nimeiweka."

Nilijisikia kudharauliwa. Wananchi walikuwa na tabia ya kuichezea sheria. "Mama," nilimwambia, "sheria inataka picha ya mwenye kompyuta. Hii picha si yako."

"Kwani mimi ndiye ninayetaka kuonekana?"

Nilimpa fomu. Nikamwambia akapige picha, bluu nyuma, masikio nje, arudi Jumatatu.

"Jumatatu iko baada ya Jumamosi," alisema taratibu, kama anayeogopa kunikosea.

"Idara inalitambua hilo," nikamjibu.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwa amesimama Fundi Asteria, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Dada mmoja mwenye maneno, bisibisi daima ipo nyuma ya sikio. Akaegemea meza yangu bila kukaribishwa.

"Karani, mnawatesa watu bure. Kadi ya picha si kitambulisho. Picha za televisheni zinakuja zimekunjwa na kubanwa kama mitumba kwenye belo. Lazima mtu azikunjue moja moja, ishirini na tano kila sekunde. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ina kazi zake chungu nzima, inazidiwa, ndiyo maana inakwama. Kadi ya picha ni kifaa. Kazi yake ni kukunjua tu. Ukikifunga, ukaenda kwenye mipangilio ukaruhusu uharakishaji wa maunzi, yaani kifaa kiisaidie prosesa, picha inateleza."

"Kifaa gani?" niliuliza, kwa kejeli.

"Kibao kigumu, kina vifeni viwili. Mnalo boksi zima stoo. Nimeliona dirishani."

Sasa hapo nilicheka. Lile boksi nililijua vizuri. Lilitoka kwa wafadhili, vibao arobaini, na mtunza stoo wetu alikuwa ameviandika kwenye leja "feni za mezani, ndogo, hazina waya." Vichache viligawiwa kwa vyeo, vingine vikabaki stoo. Mkurugenzi alikuwa nazo mbili mezani kwake, na kukiwa na joto alikuwa anazizungusha kwa kidole.

"Zile ni feni, Fundi."

"Nipe moja nimfungie huyu mama kwa nusu saa. Jumatatu nakurudishia."

Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu ndipo pa kuusema. Stoo ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwenye kiti changu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu, kwenye kamba moja na kitambulisho. Bibi Nyamizi alikuwa ananiangalia.

"Leta barua ya kuomba feni," nilisema.

*

Jumamosi nilikwenda kwake. Roho ilikuwa inanisuta kidogo, nikajiambia nakwenda kukagua. Sebule ilikuwa imejaa majirani, watoto wamekaa chini, na Bibi Nyamizi amevaa kitenge kipya kana kwamba ni yeye atakayeonekana. Fundi Asteria alikuwa amepiga magoti mbele ya kompyuta, anafunga kila kitu kisichohitajika ili prosesa ipate nafasi.

Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika utumishi wangu. Nikaichukua ile kadi ya salamu, isiyo na muhuri, isiyo na masikio ya mwenye mali, nikaisukumia ndani ya kompyuta mwenyewe. Fundi aliniangalia tu.

Saa nne wimbo wa taifa ulipigwa, kwa kwikwi, tukasimama kwa kwikwi. Akaja askari wa kwanza, akawasalimu wazazi wake vipandevipande. Wa pili hatukumwona, tulisikia kikohozi. Wa saba alikuwa Luhende.

Alikuwa amekonda. Kofia ilikuwa kubwa. Alisimama mbele ya hema, akatazama moja kwa moja, na kwa sababu nisizozijua picha ikatulia ikawa safi.

"Mama, shikamoo," alisema.

"Marahaba, baba," Bibi Nyamizi aliitikia.

"Mimi mzima. Mama, nakuomba, usi..."

Ikakwama.

Alibaki palepale, meno yameshikana, macho nusu yamefumba. Fundi Asteria akafungua mipangilio mbio, akakipata kile kisanduku cha uharakishaji wa maunzi, akakiwekea alama. Kompyuta ikamjibu kwa herufi nyekundu: hakuna kifaa. Akajaribu tena. Hakuna kifaa. Mtoto mmoja akaanza kucheka, mama yake akamfinya.

"Usi nini?" Bibi Nyamizi aliuliza. Alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo. "Baba, usi nini?"

Picha ilipoachia alikuwepo kijana mwingine, mnene, anawasalimu wakwe zake.

*

Wiki ya tatu ikaja barua ya jeshi, na mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka. Idara yetu ilikuwa imeombwa kusaidia lugha. Mkurugenzi aliona neno "ametangulia" halitoshi, akaongeza kwa kalamu yake. Ikasomeka kwamba askari Luhende ametangulia kwa kasi ya kuridhisha. Niliisoma mbele ya mama yake, nimesimama, na mpaka leo sijui kwa nini ulimi wangu haukukatika.

Hakulia. Mikeka ilitandikwa, wanawake wa mtaa wakaja, wakalia wao. Yeye alikaa katikati yao na macho makavu, anawapa pole waliokuja kumpa pole. Watu walinong'ona. Mimi nilisema moyoni, huyu mama ni jasiri.

Baada ya matanga alianza kuja ofisini kila Jumatatu. Nadhani ni kwa sababu niliwahi kumwambia arudi Jumatatu.

"Mwanangu, majirani wananiambia niuze mbuzi. Unaonaje? Isije ikawa alisema usiuze mbuzi."

Jumatatu nyingine: "Kuna mpangaji anakitaka chumba cha Luhende. Nimemkatalia. Pengine alisema usikigawe." Jumatatu nyingine mvua zilikuwa zimeanza, kila mtu yuko shambani, na yeye yuko kwenye benchi langu. "Sijapanda. Naogopa. Labda alisema usilime peke yako, labda alisema usihangaike. Ni neno lake la mwisho, mwanangu, siwezi kulivunja kwa kutolijua."

Ndivyo alivyoacha kuishi, kidogo kidogo, kwa utiifu. Hakupika nyama, hakusuka nywele, hakwenda kwa dada yake. Kila jambo ambalo mtu anaweza kukatazwa, alijikataza. Sisi serikalini tumejitahidi miaka yote hatujawahi kupata raia wa namna hiyo, na nilipomwona pale kwenye benchi, mikono juu ya magoti, nilitamani kujificha chini ya meza.

Nikaenda stesheni ya taifa kwa nauli yangu, kuomba mkanda wa kipindi. Walinipokea vizuri. Walikuwa wamerekodi kipindi kizima, kwa ajili ya vizazi vijavyo, kutoka kwenye kioo cha kompyuta yao wenyewe. Ndani ya kompyuta hiyo palikuwa na kadi nzuri sana yenye sura ya Mkurugenzi Mkuu wa stesheni, bluu nyuma. Tukaangalia pamoja. "Mama, nakuomba, usi..." Halafu yule mnene na wakwe zake.

"Huyu wa saba ametulia vizuri," alisema mtu wa stesheni. "Hatikisiki."

Niliporudi niliingia kwa Mkurugenzi akiwa amekwenda kula, nikachukua feni moja mezani kwake, kwa kuwa za stoo zilikuwa zinahesabiwa kwenye leja. Fundi Asteria akaifunga kwa Bibi Nyamizi, kwa muda uleule aliousema, nusu saa. Akaruhusu uharakishaji wa maunzi, na safari hii hapakuwa na herufi nyekundu. Picha ikateleza kama mafuta. Alikuwa Mheshimiwa Waziri, anazungumza na taifa kuhusu mafanikio ya Sheria ya Kadi ya Picha, na hakukwama hata neno moja.

Bibi Nyamizi alitazama mpaka mwisho. "Kumbe inawezekana," alisema. Fundi akakusanya bisibisi zake, akaondoka bila kuaga, na nilimsikia analia tangu barazani.

*

Ilipokaribia Jumatatu iliyofuata nikaamua kumwokoa.

Nilifikiria usiku na mchana, kwa uangalifu wa kiofisi. Nilihitaji neno moja, ambalo nikimpa atakuwa huru kwa mengine yote. Nikaandika orodha. Usiuze ingemfunga. Usilime ingemuua njaa. Usihame, usiolewe, yote yalikuwa na hasara. Mwishoni nikalipata neno ambalo halitamzuia kitu chochote, kwa kuwa tayari alikuwa halifanyi.

"Mama," nikamwambia alipokuja, "nimekwenda stesheni. Nimesikiliza mkanda. Luhende alisema, mama, nakuomba, usilie."

Vidole vyake vilikuwa vinasokota ncha ya kanga.

"Usilie," alisema.

"Ndiyo, mama. Basi. Mengine yote ruksa. Kapande mahindi, kapike, chumba kigawe."

"Una uhakika, mwanangu?"

"Nina uhakika."

"Niandikie."

Nikaandika kwenye karatasi yenye nembo, kwamba Idara inathibitisha kuwa neno lilikuwa usilie. Akaniomba nigonge muhuri, nikagonga. Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye fundo la kanga, akainuka. Mlangoni akageuka.

"Nilikuwa naomba liwe lingine," alisema. "Kila nilipokuja hapa nilikuwa naomba liwe lolote jingine, ili nikishajua, nirudi nyumbani nikamlilie mtoto wangu. Kilio hicho ndicho nilichokuwa nimejiwekea."

Akashuka ngazi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilikuwa na nafasi ya kumwita. Nilikaa.

Siku ya nne nilikwenda kwa Mkurugenzi kutengua maandishi yale. Alishangaa sana. Akaniambia hati yenye muhuri wa Idara haitenguliwi na karani, hutenguliwa na Bunge, na akaniuliza kama nimeiona feni yake. Nikaenda kwa Bibi Nyamizi. Alikuwa ameshapanda, udongo ulikuwa kwenye viatu. Barua yangu ameitundika ukutani, pale ilipokuwa picha ya Mheshimiwa, na chini yake ile kadi ya salamu, iliyotolewa ndani ya kompyuta.

"Mama, nilidanganya," nilisema. "Sikusikia kitu. Hakuna aliyesikia. Lia, mama. Mlilie mwanao."

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa wa homa anayepayuka. Akanionyesha ukutani kwa kidole. "Ina muhuri," alisema.

Nilijaribu kueleza. Nikamweleza stoo, ufunguo, zile hatua kumi na mbili. Nikakaa chini sakafuni nikaanza kulia, mtu mzima, na tai yangu ya serikali shingoni. Akaja akanishika bega, akaninyanyua taratibu, akanipeleka mpaka mlangoni.

"Kalie nje, mwanangu," alisema. "Humu ndani tumekatazwa."